Usimfunge mtumiaji, usimfungulie mfanyabiashara

Hotuba niliyoitoa katika mkutano wa wazazi na vijana, Ukumbi wa Kaloleni, Nairobi. Naiweka yote hapa kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika.

Mama mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na kina baba, na nyinyi vijana wangu mliojaa huko nyuma hadi madirishani, hamjambo?

Asanteni kwa kunialika. Mama mwenyekiti aliponipigia simu alinipa swali moja: je, dawa za kulevya zilizopigwa marufuku zihalalishwe? Kisha akaniambia, "Wakili, tafadhali usije ukatuzungusha." Sitawazungusha, mama. Jibu langu nawapa sasa, kabla hata sijapasha sauti. Anayetumia asifungwe jela. Anayetaka kuuza asifunguliwe duka. Na pesa tunazozimwaga kumkimbiza yule wa kwanza, ziende kumtibu.

Najua hapo nimewaudhi watu wa pande mbili. Kuna mzazi humu ambaye mtoto wake ameharibika mbele ya macho yake, na anaona nimekuja kutetea uharibifu. Kuna kijana humu anayetaka niseme bangi iwe huru kama sukuma wiki sokoni, na anaona nimeogopa. Nivumilieni nyote. Nimekaa kortini miaka mingi, na haya ninayowaambia nimeyaona kwa macho.

Nianze na kijana mmoja. Jina lake silitaji, mtaa wake siutaji, korti yenyewe siitaji. Alikuwa na miaka 19, akijifunza kuchomelea vyuma kwa fundi wa jua kali. Ijumaa jioni amelipwa, anatembea kurudi nyumbani, akakuta msako. Mfukoni alikuwa na msokoto mmoja wa bangi. Mmoja! Walikamatwa wanne pamoja. Watatu walikuwa na chochote cha kutoa mfukoni, wakashuka kwenye gari kabla halijafika kituoni. Yeye alikuwa ametoka kumtumia mama yake pesa ya kodi kwa simu. Hakuwa na kitu.

Jumatatu akaletwa kortini. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi ya mawakili nikisubiri kesi yangu. Akasomewa shtaka, akaulizwa ni kweli au si kweli. Akajibu, "Ni kweli." Kwani angejibu nini? Ilikuwa kweli. Hakuwa na wakili, hakujua kwamba angeweza kuomba kueleza mazingira yake, wala hakujua kwamba kuna tofauti kubwa kati ya kuwa na bangi ya kuuza na kuwa na bangi ya kutumia mwenyewe. Akapigwa faini ambayo hakuwa nayo, na asipolipa, miezi gerezani. Kesi nzima haikumaliza dakika tano.

Mama yake alihangaika, akakopa kwenye chama, akapata faini baada ya wiki tatu. Kijana akatoka. Fundi alikuwa ameshachukua mwanafunzi mwingine. Akajaribu kazi ya ulinzi, wakamtaka cheti cha tabia njema cha polisi. Mnajua cheti hicho kinasemaje mtu akishahukumiwa. Leo nikikutana naye ananisalimu vizuri, "Habari yako, wakili," lakini hana kazi, na ndani ya gereza alijuana na watu ambao mtaani asingejuana nao kamwe.

Nawauliza, wazazi wangu. Kaloleni ilipata usalama gani siku ile? Makongeni, Mbotela, Jericho, zilipata nini? Msokoto uliteketezwa, sawa. Na kijana je?

Sheria yenyewe ni ya 1994, Sheria ya Kudhibiti Mihadarati. Ilipotungwa, mtu aliyekutwa na bangi ya kutumia mwenyewe, na mahakama ikakubali kwamba ni ya kutumia mwenyewe, alikuwa anakabiliwa na kifungo cha miaka 10. Kwa dawa nyingine, miaka 20. Bunge liliifanyia mabadiliko mwaka 2022 na kuipunguza adhabu ya mtumiaji wa bangi, na huo ni mwendo mzuri. Lakini mlango wa jela haujafungwa, na wanaopitishwa pale ni wale wale.

Sasa tazameni upande wa pili. Novemba 2014, ndugu wawili wa Mombasa, Baraka na Ibrahim Akasha, walikamatwa kwa tuhuma za biashara ya heroini ya kuvuka bahari. Marekani ikawataka. Kesi ya kuwapeleka ikavutwa hapa kwetu mwaka wa kwanza, ikavutwa mwaka wa pili, mpaka Januari 2017 ndipo wakajikuta New York. Huko wakakiri makosa. Baraka akahukumiwa miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim miaka 23 mwaka uliofuata. Na katika kesi ile ikaelezwa wazi kwamba walikuwa wamewahonga maofisa wa Kenya, wakiwamo polisi, waendesha mashtaka na majaji.

Mwanafunzi wa kuchomelea, dakika tano. Wenye heroini kwa kilo, miaka zaidi ya miwili ya kuahirisha, na hukumu ikatolewa na nchi ya watu. Sheria inayomkamata aliye karibu na mkono wake na kumwacha aliye na mkono mrefu haimlindi mtoto wa mtu yeyote. Nasema mtoto wa mtu yeyote!

Hapo ndugu yangu mmoja ataniambia, "Basi wakili, kama marufuku imeshindwa, tuhalalishe, serikali ikusanye ushuru, yaishe." Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu sisi Wakenya hatuna haja ya kwenda Ulaya kulijibu jambo hili. Tumeshalifanya. Tumelifanya kwa chang'aa.

Wazee mnakumbuka. Sheria ya kupiga marufuku chang'aa ilipitishwa mwaka 1980. Kwa miaka 30, kupika chang'aa, kuuza chang'aa, kukutwa na chang'aa lilikuwa kosa la jinai. Je, chang'aa iliisha? Ilihamia kando ya mto, ikahamia usiku, ikahamia mikononi mwa watu wasiojali. Mama aliyekuwa akipika kwa mahindi na wimbi, anayejulikana na wateja wake, anayejua kwamba akimuua mtu atamzika pamoja na majirani zake, huyo alikimbizwa. Akaja mtu wa mtungi wa plastiki, anayenunua kemikali za viwandani na kuchanganya na maji.

Novemba 2000. Mukuru, hapo tu ng'ambo ya viwanda, mwendo wa mguu kutoka hapa tulipo. Watu walikunywa kumi kumi, iliyoitwa hivyo kwa sababu glasi ilikuwa shilingi kumi. Ndani yake mlikuwa na methanoli. Methanoli haina tofauti kubwa na pombe mdomoni, ila ikishaingia mwilini inageuka kuwa asidi inayoushambulia mshipa wa jicho na kuufanya mwili mzima kushindwa. Zaidi ya watu 130 walikufa. Wengine waliamka asubuhi wakauliza mbona hakujapambazuka. Walikuwa wamepofuka.

Nani aliwaua? Tusiharakishe kujibu. Pombe ilikuwa haramu, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuipima. Ilikuwa haramu, kwa hiyo aliyeanza kuumwa tumbo na macho kufifia aliogopa kwenda hospitali. Ilikuwa haramu, kwa hiyo kila jerikeni lililopita pale lilikuwa na mtu aliyelipwa ili lipite. Marufuku haikuwaondolea watu wa Mukuru kiu. Iliwaondolea ulinzi.

Basi mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Vileo, ile tuliyoizoea kwa jina la sheria ya Mututho, mbunge aliyeipeleka Bungeni, na chang'aa ikahalalishwa. Ikahalalishwa kweli kweli: ipikwe na mwenye leseni, iwekwe kwenye chupa ya kioo, ibandikwe onyo, isiuzwe kwa mtoto. Wengi walishangilia, na nilielewa kwa nini. Walidhani Mukuru haitarudi.

Mei 2014, methanoli ikaua makumi ya watu Embu, Kiambu, Kitui na kwingineko, ndani ya siku chache. Februari 2024, kijiji cha Kangai, Kirinyaga, watu 17. Na pombe ile ya Kirinyaga, serikali yenyewe ilisema, ilikuwa kielelezo cha kesi. Ilikuwa imeshakamatwa, imewekwa kituoni, ikatoka kituoni ikarudi kwa walevi.

Mbona? Si tulihalalisha? Tulihalalisha kwenye karatasi. Mama mpishi hakuwa na pesa za leseni, hakuwa na pesa za chupa za kioo, hakuwa na maabara ya kupima. Kwake yeye chang'aa ilibaki haramu kama zamani. Wakaguzi hawakuongezwa wa kutosha. Hongo haikuondoka, maana hongo haisomi gazeti la serikali kujua sheria imebadilika. Sheria ilihama, na kila kitu kingine kikabaki pale pale.

Nawaomba mlishike somo hili kwa mikono yote miwili, kwa sababu kila mmoja hupenda kushika nusu yake. Anayetaka marufuku hukumbuka 2014 na 2024. Anayetaka kuhalalisha hukumbuka 2000. Mimi nakumbuka maiti zote.

Na kama mnadhani chang'aa ni jambo la pekee, tokeni nje ya ukumbi huu mtazame kibanda cha kwanza. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja. Inakataza kumuuzia mtoto. Ni kitu halali, kina sheria nzuri, kina ushuru. Na kila mtoto wa darasa la saba hapa anajua fegi moja inauzwa wapi na kwa bei gani. Tunapoambiwa kwamba bangi ikihalalishwa itadhibitiwa, mimi nauliza kwa heshima: itadhibitiwa na nani? Na yule yule anayedhibiti fegi?

Sasa niende kwa unga, yaani heroini. Niseme polepole, kwa sababu najua humu mna wazazi wenye jeraha bichi.

Nilikuwa na mteja, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliyekuwa akijidunga heroini. Alishikwa na kete kidogo sana, akakaa rumande miezi kadhaa akisubiri kesi kwa sababu dhamana ilimshinda. Kule ndani, siku za kwanza, arosto ilimtesa. Walio na mtu nyumbani wanaijua arosto: kutapika, kuharisha, mifupa kuuma kana kwamba inapondwa, jasho na baridi kwa pamoja. Akavuka. Akatoka akiwa amenenepa, uso umerudi. Dada yake alilia kwa furaha. Ndani ya wiki moja alikuwa amekufa.

Kwa nini? Mwili unaozoea heroini hudai kiasi kikubwa. Ukikaa bila heroini miezi, uzoefu ule unaisha, lakini hamu haijaisha. Mtu hurudi kwa kipimo chake cha zamani, na kipimo cha zamani sasa ni sumu. Pumzi hupungua, hupungua, husimama. Wataalamu wa afya duniani kote wanajua kwamba wiki za kwanza baada ya gereza ndizo hatari kuliko zote kwa mtumiaji wa heroini. Sisi tulimtoa mtu yule getini na nauli tu. Hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyempa dada yake naloksoni, dawa inayoweza kumrudishia mtu pumzi ikitolewa mapema. Tulimfunga kwa jina la kumwokoa, na kumfunga kukamwandalia kaburi.

Mambo hayahitaji kuwa hivyo. Mwishoni mwa 2014, Hospitali ya Mathari, ile ya wagonjwa wa akili hapo barabara ya Thika, ilianza kutoa metadoni. Ngara pia kuna kliniki. Pwani zipo. Majirani zetu Tanzania walitutangulia, Muhimbili walianza 2011. Mgonjwa hufika asubuhi, hupewa dawa ya maji kwenye kikombe kidogo, hunywa mbele ya muuguzi, huenda zake. Metadoni hukaa mwilini siku nzima. Ikipimwa vizuri haimlevyi, ila inaizuia arosto isimfukuze barabarani kutafuta pesa ya kete. Mtu ambaye kila asubuhi yake ilikuwa ni kusaka, sasa ana asubuhi. Anaweza kwenda kazini. Anaweza kumpeleka mtoto shuleni.

Namfahamu baba mmoja wa Kayole anayefanya hivyo. Matatu mbili kwenda, mbili kurudi, kila siku ya Mungu, mvua na jua. Nilimuuliza kinachomsumbua zaidi ni nini. Nilidhani atasema hamu ya unga. Akasema, "Wakili, ni nauli. Na karau." Anaogopa kushikwa njiani akienda kutibiwa! Jamani, mgonjwa wa kisukari akienda kuchukua dawa yake anaogopa polisi?

Na hofu hiyo ina gharama kwa sisi sote. Anayeogopa kushikwa na sindano hujificha. Akijificha, huazima sindano ya mwenzake. Utafiti wa kitaifa uliofanywa hapa kwetu zaidi ya miaka kumi iliyopita ulikuta watu 18 kati ya kila 100 wanaojidunga wana virusi vya UKIMWI, wakati kwa watu wazima kwa jumla walikuwa chini ya 6 kati ya 100. Hawa wana wake. Wana waume. Wana watoto. Ugonjwa haukai kwenye uchochoro kwa sababu polisi wako barabarani.

Sasa vijana wangu, najua mnangoja bangi. Nimewaona mkinong'onezana.

Suala hili si geni kwenye siasa zetu. Marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alilipeleka kwa Spika mwaka 2018. Marasta walikwenda Mahakama Kuu 2021 kudai haki ya kuitumia katika ibada. Profesa Wajackoyah aligombea urais 2022 kwa ahadi ya kuilima na kuiuza nje, akapata chini ya kura moja kwa kila 100. Kwa hiyo msiniambie watu wamekatazwa kulizungumza. Linazungumzwa.

Mimi nasema hivi. Mtu mzima anayevuta bangi nyumbani kwake, polisi hawana kazi naye. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua hivyo mwaka 2018: mtu mzima kutumia faraghani na kujipandia mche wake si jinai, lakini kuuza kulibaki jinai. Hapo ndipo nami nilipo. Pale, si mbele ya hapo.

Na nyinyi mlio chini ya miaka 20, sikilizeni kwa makini zaidi, kwa sababu hili linawahusu kuliko linavyomhusu mzee aliyekaa mbele. Bongo lenu bado linajengwa, na linaendelea kujengwa mpaka karibu miaka 25. Bangi nyingi katika umri huo huongeza hatari ya ugonjwa wa akili, ule wa kusikia sauti na kuona maadui wasiokuwapo, hasa kwa aliye na ndugu mwenye ugonjwa huo. Anayewaambia bangi ni majani tu ya Mungu hajawahi kumsindikiza rafiki yake Mathari kwenye wodi. Mimi nimemsindikiza mtoto wa jirani yangu. Sisemi hivi ili mfungwe. Nasema kwa sababu nawapenda.

Lakini kwa nini sitaki duka? Kwa nini nisiseme tu, iuzwe kama bia?

Kwa sababu nimeona biashara halali inavyofanya inapopata kitu ambacho mtu hawezi kukiacha. Marekani, mwaka 1996, kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza OxyContin, kidonge cha maumivu cha jamii moja na heroini. Kiwanda halali. Leseni halali. Daktari halali akiandika kwa kalamu halali. Kampuni iliwaambia madaktari kwamba hatari ya mgonjwa kuizoea ni ndogo. Haikuwa ndogo. Kampuni ilikiri makosa mahakamani mara mbili, 2007 na 2020, lakini watu walikuwa wameshazoea, na vidonge vilipobanwa wakahamia heroini, kisha fentanili, dawa ya jamii hiyo hiyo iliyo kali zaidi. Kufikia 2021 Marekani ilikuwa inazika watu zaidi ya 100,000 kwa mwaka kwa kuzidisha dawa. Mlango wa kwanza wa msiba huo ulikuwa halali.

Na hapa kwetu, nani hajaona kamari ya simu? Ilipewa leseni, ikapewa matangazo, ikavalishwa jezi za mpira. Mwanafunzi akaweka karo. Baba akaweka kodi. Mwenye kampuni faida yake haitoki kwa anayecheza mara moja kwa mwezi, hutoka kwa yule asiyeweza kuacha. Ndivyo pia kwa pombe, ndivyo kwa sigara, ndivyo itakavyokuwa kwa bangi yenye nembo na bango juu ya barabara ya Jogoo. Uchunguzi wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikuta Wakenya zaidi ya milioni 3 wanakunywa pombe, na wanaotumia bangi ni kama nusu milioni. Tofauti hiyo haitokani na utamu peke yake. Kimoja kina duka kila kona.

Mzee mmoja ameniandikia karatasi hapa: "Ureno walihalalisha zote na mambo yakawa mazuri." Mzee wangu, naomba nikusahihishe kwa upendo. Ureno hawakuhalalisha. Tangu Julai 2001, anayekutwa na dawa ya matumizi yake, isiyozidi ya siku kumi, hapelekwi kortini. Anapelekwa mbele ya kamati ndogo ya watu wa sheria, afya na jamii, wanaoketi naye na kumuuliza maisha yake yakoje. Muuzaji bado anafungwa. Na walichofanya kwa bidii zaidi, walitia pesa kwenye tiba. Maambukizi mapya ya UKIMWI kwa wanaojidunga yakashuka kutoka zaidi ya 1,000 kwa mwaka hadi chini ya 100. Baadaye, hali ya uchumi ilipobana na pesa za tiba zikapunguzwa, matatizo yakaanza kuonekana tena mitaani Lisbon na Porto. Kamati zilikuwapo, sheria ilikuwapo. Kilichopungua ni pesa.

Jimbo la Oregon huko Marekani walifuata mwaka 2021, lakini kinyumenyume. Waliondoa jela kwanza, tiba ikachelewa. Mtu alikuwa akipewa karatasi ya faini ya dola 100, akiambiwa akipiga simu fulani ya kupimwa afya atasamehewa. Wachache sana walipiga. Watu wakaona wenzao wanatumia barabarani mchana kweupe na hakuna mkono unaowashika. Hasira ikapanda, na mwaka 2024 jela ikarudishwa.

Kwa hiyo mpangilio una maana. Kliniki kwanza, au kwa pamoja. Ukimwondolea polisi na usimletee muuguzi, umemtupa. Hapo mzazi mwenye hofu ana haki yake, na simbezi.

Tufanye nini basi, leo, hapa Kaloleni? Mimi ni wakili, kwa hiyo nitawaambia kwa njia ya sheria.

Katiba yetu, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya afya, na kwa maneno yake yenyewe, udhibiti wa dawa za kulevya. Sheria ya jinai, polisi na magereza ni ya serikali kuu. Maana yake mna milango miwili ya kubisha, na mtu asiwazungushe kati ya mmoja na mwingine.

Kwa kaunti tunaomba metadoni itolewe katika vituo vya afya vilivyo karibu na watu, ili baba wa Kayole asipande matatu nne kwa siku. Tunaomba naloksoni iwe mikononi mwa wahudumu wa afya wa jamii, wale kina mama wenye mikoba wanaopita milangoni mwenu, na wafundishwe kuitumia. Mwakilishi wadi wetu yuko hapa, nimemwona akiandika. Mheshimiwa, bajeti inapojadiliwa tutakuja, na tutakuja wengi.

Kwa Bunge, Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi la kutunga sheria, kuibadilisha au kuifuta. Ombi letu ni fupi: kumiliki kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe kuondolewe kwenye jinai, mtu apelekwe kwa mhudumu wa afya, na rekodi ya waliohukumiwa kwa kosa hilo peke yake ifutwe, ili mwanafunzi wa kuchomelea apate cheti chake. Adhabu ya muuzaji mkubwa ibaki kama ilivyo. Hatugusi hata herufi moja hapo.

Wapo watakaosema haya yatawapa watoto ishara mbaya. Nimelifikiria sana, kwa sababu nami ni mzazi. Mtoto wa mtaa huu haangalii gazeti la serikali kujua kibaya ni kipi. Anamwangalia kaka yake. Kaka akirudi kutoka gerezani amekomaa kwa ubaya, hiyo ni ishara. Kaka akirudi kutoka kliniki, akaoga, akaketi mezani akala na wenzake, hiyo nayo ni ishara.

Karatasi za ombi ziko kwenye meza ya kina mama wa chama, karibu na mlango. Jina, nambari ya kitambulisho, sahihi. Asiyekubaliana nami asitie sahihi, ila asiondoke kabla hajaniambia kwa nini. Nitakuwa hapa mpaka taa zizimwe. Mzee wangu wa koti la kijivu, umeinua mkono tangu nilipotaja Mukuru. Mpeni kipaza sauti.